Daktari aliyehesabu mapigo ya moyo: Robert Graves, tezi ya shingo na mama mjamzito

Mama akirudi kutoka hospitali ya rufaa na karatasi iliyoandikwa ugonjwa wa Graves, jambo la kwanza analotaka kujua ni maana ya hilo neno. Wapo wanaodhani ni jina la dawa. Wapo wanaokesha usiku mzima wakidhani ni aina ya saratani. Ni jina la mtu tu: Robert James Graves, daktari wa Dublin, nchini Ayalandi, aliyefariki mwaka 1853.

Nimeona niwasimulie maisha yake kwa sababu alieleza jambo ambalo bado linatupita huku kwetu, kuanzia Igombe na Kayenze hadi visiwa vya Ukerewe. Alionyesha kwamba moyo wa mwanamke unaokwenda mbio mchana na usiku unaweza kuwa unasukumwa na kitu kilichoko shingoni. Zamani zake, mwanamke wa namna hiyo aliambiwa ana wasiwasi. Leo huku kwetu ataambiwa ana presha, ana mawazo, ana mapepo, au kwamba mimba ndivyo zilivyo. Akiwa mjamzito, kuambiwa hivyo na kurudishwa nyumbani kunaweza kumgharimu yeye na mtoto.

Kijana aliyetoboa mashua

Graves alizaliwa Dublin mwezi Machi mwaka 1796. Baba yake, Richard Graves, alikuwa mchungaji na msomi wa dini katika chuo cha Trinity. Kijana alisomea udaktari katika chuo hicho hicho, akahitimu mwaka 1818, kisha akaenda kuongeza elimu London, Edinburgh, Copenhagen, Berlin na Göttingen. Alikuwa na kipaji cha lugha, na kipaji hicho kilimponza. Alipokuwa Austria alitiwa ndani kwa siku kadhaa kwa sababu maofisa walimsikia akiongea Kijerumani kizuri mno, wakakataa kuamini kwamba ametoka Ayalandi. Walimdhania jasusi.

Rafiki yake William Stokes, ambaye naye alikuja kuwa bingwa wa magonjwa ya moyo, ameandika habari za safari yake ya baharini kutoka Genoa kwenda Sicily. Ninyi wa ziwani mtaielewa vizuri. Dhoruba ilipiga, pampu za kutolea maji zikagoma, maji yakajaa, na nahodha na mabaharia wake wakajiandaa kukimbia na mashua ndogo wakiwaacha abiria. Graves alikuwa amelala mgonjwa. Akaamka, akachukua shoka, akaitoboa ile mashua ili asiwepo wa kukimbia. Kisha akakata ngozi ya viatu vyake mwenyewe akatengeneza pampu, na chombo kikafika salama.

Mwaka 1821 alirudi Dublin akaanza kazi katika hospitali ya Meath, iliyohudumia watu maskini wa jiji. Alioa mara tatu. Wake zake wawili wa kwanza walifariki mapema, kila mmoja ndani ya miaka michache tu ya ndoa, kwa hiyo kabla hajafika umri wa miaka 35 alikuwa ameshazika mara mbili.

Kilichomtofautisha na wenzake ni namna alivyofundisha. Siku zile wanafunzi wengi wa udaktari walimaliza masomo kwa kusikiliza mihadhara, wakaenda kutibu watu bila kuwa wamewahi kumhudumia mgonjwa mmoja mwanzo hadi mwisho. Graves alitaka kila mwanafunzi apewe wagonjwa wake, akae kando ya kitanda, aulize, aguse, asikilize, aandike. Na alitaka wafundishwe kwa lugha inayoeleweka, si kwa Kilatini.

Alisisitiza pia kuhesabu mapigo ya moyo kwa saa. Wakati huo madaktari wengi walishika mkono wa mgonjwa, wakasema mapigo ni ya kasi au ya taratibu, basi. Graves alitaka namba. Alichunguza hata jinsi mapigo yanavyobadilika mtu akilala, akikaa na akisimama. Ni jambo dogo, lakini bila hiyo tabia ya kuhesabu nadhani wale wanawake nitakaowaeleza hapa chini wangepita mbele yake kama walivyopita mbele ya wengine.

Vilevile aliwalisha wagonjwa wa homa. Madaktari wa enzi yake waliamini kwamba mwenye homa anyimwe chakula na atolewe damu. Graves aliona watu wanakufa kwa njaa wakihesabiwa kuwa wamekufa kwa homa, akaagiza wapewe chakula. Inasimuliwa kwamba alitaka kaburi lake likumbushe watu jambo hilo moja. (Nikiwasikia mawifi na mashangazi wakimkataza mjamzito mayai na samaki, huwa namkumbuka.)

Wanawake watatu wa Dublin

Mwaka 1835 mhadhara wake mmoja ulichapishwa katika jarida la madaktari huko London. Ndani yake alieleza wanawake watatu aliowaona kwa muda mfupi wa kufuatana. Wote walisumbuliwa na mapigo ya moyo yenye nguvu na ya muda mrefu. Na wote watatu walikuwa wamevimba mahali pamoja: sehemu ya mbele ya shingo, chini ya koo, ilipo tezi ya thairoidi.

Kwa mmoja wao moyo ulipiga kwa nguvu kiasi kwamba Graves aliusikia akiwa amesogea mbali na kifua chake kwa zaidi ya mita moja. Hakuwa ameweka sikio kifuani wala hakuwa na kifaa chochote.

Aliandika jambo jingine ambalo ningependa kila mama alishike. Uvimbe wa wanawake hawa haukuwa ule mkubwa wa goita ya kawaida. Ulikuwa mdogo. Uliongezeka moyo ulipozidi kwenda mbio, kisha ukapungua moyo ulipotulia. Kwa hiyo anayesubiri shingo ijae kama ya bibi yake wa zamani ndipo aende hospitali, anaweza kusubiri kitu ambacho hakitakuja, huku moyo ukichoka.

Katika mhadhara huo kuna pia msichana wa miaka 20. Alikuwa na afya njema, kisha akaanza kubadilika, akawa hatulii, na watu wakaamua kwamba ni matatizo ya hisia za kike. Baada ya miezi mitatu hivi ndipo ilipoonekana kwamba mapigo yake yana kasi isiyo ya kawaida na hayashuki chini ya 120 kwa dakika, hata akipumzika. Akakonda, akaishiwa nguvu. Baadaye macho yakaanza kutokeza, weupe ukaonekana kuzunguka kiini chote, na akilala kope hazikufunga. Shingo ikavimba mwisho.

Miezi mitatu ya kuambiwa ni hisia. Mimba yote ni miezi tisa.

Miaka 5 baada ya Graves, mwaka 1840, daktari wa Ujerumani aitwaye Karl von Basedow alieleza wagonjwa wa aina hiyo hiyo bila kumtegemea mwenzake, ndiyo maana katika nchi nyingi za Ulaya ugonjwa huu huitwa wa Basedow. Lakini yupo aliyewatangulia wote wawili, na mgonjwa wake wa kwanza anatuhusu zaidi.

Alikuwa Caleb Parry, daktari wa mji wa Bath nchini Uingereza. Mwaka 1786 alimhudumia mama mmoja wa miaka 37. Miaka 6 kabla, mama huyo akiwa bado yuko kwenye siku za uzazi, alipata homa kali ya baridi yabisi, na tangu hapo moyo ukaanza kumdunda. Halafu, kama miezi mitatu baada ya kujifungua, akiwa ananyonyesha, ukaonekana uvimbe upande wa kulia wa shingo. Ukakua. Moyo ukaenda mbio zaidi, pumzi ikawa fupi, macho yakatokeza. Parry alikusanya wagonjwa wengine, lakini alipooza kwa kiharusi mwaka 1816, akafariki 1822, na maelezo yake yalichapishwa na mwanawe mwaka 1825.

Mnaona basi. Mgonjwa wa kwanza kabisa katika maandishi hayo alikuwa mama anayenyonyesha, na ndani ya mwili wake matatizo mawili yalikutana: homa ya baridi yabisi, ambayo huharibu valvu za moyo, na tezi ya shingo.

Tezi inaufanyaje moyo

Graves hakujua kwa nini. Alibahatisha sababu, na alichobahatisha hakikuwa sahihi. Jibu lilikuja polepole baada ya kifo chake, na kwa kifupi ni hili.

Tezi ya thairoidi ina umbo kama la kipepeo na imekaa mbele ya koromeo. Hutengeneza homoni inayouambia mwili uende kwa kasi gani: uchome chakula kwa kasi gani, utoe joto kiasi gani, moyo upige mara ngapi. Ili kuitengeneza inahitaji madini joto, yale yanayowekwa kwenye chumvi. Katika ugonjwa wa Graves, kingamwili za mwili zinajishikiza kwenye tezi na kuisukuma itoe homoni bila kupumzika. Ni kama mashine ya mtumbwi ambayo imeachwa kwenye mwendo mkali na hakuna mtu wa kuipunguza.

Sasa weka mimba juu yake. Mimba peke yake, hata kwa mama mwenye afya, huongeza damu mwilini kwa karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo, na mapigo ya moyo hupanda kwa 10 hadi 20 kwa dakika. Moyo unafanya kazi ya watu wawili. Homoni ya thairoidi ikizidi, moyo huo huo unachapwa bakora. Mama anaweza kupoteza mimba, kupata kifafa cha mimba, kujifungua kabla ya siku, kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo, au moyo kushindwa kazi kabisa. Hatari huwa kubwa zaidi wakati wa uchungu na siku za mwanzo baada ya kujifungua, wakati damu iliyokuwa inakwenda kwenye kondo inarudi kwa ghafla kwenye moyo.

Mara nyingi ugonjwa wa Graves husumbua miezi ya mwanzo ya mimba, hutulia nusu ya pili, kisha hurudi baada ya kujifungua. Huu utulivu wa katikati ndio unaowafanya akina mama waache kliniki na dawa. Unajisikia vizuri, nauli ya kwenda mjini ni pesa, unasema nitaenda mwezi ujao.

Pia kuna mama ambaye hana Graves kabisa. Homoni ya mimba inafanana kidogo na ile inayoiamsha tezi, kwa hiyo baadhi ya wanaotapika sana miezi mitatu ya kwanza hupata moyo wa kasi na kutetemeka. Hawa hawana uvimbe wa shingo wala macho hayajatokeza, na kwa kawaida hali hutulia yenyewe mimba ikifika nusu. Ila hilo aliseme daktari baada ya kipimo, si jirani.

Kuhesabu kama Graves

Huhitaji kifaa. Kaa kitini au kwenye mkeka dakika 10 bila kazi. Weka vidole viwili vya mkono mmoja kwenye kifundo cha mkono mwingine, upande wa kidole gumba. Weka dakika moja kwenye simu, hesabu mpaka iishe. Usihesabu nusu ukazidisha, hesabu yote. Fanya hivyo asubuhi kabla ya kuteka maji, na fanya tena siku inayofuata. Andika namba nyuma ya kadi ya kliniki.

Ukipata zaidi ya 100 mara kwa mara ukiwa umepumzika, nenda kliniki usisubiri tarehe yako. Mwambie muuguzi namba uliyoandika. Kusema moyo unanienda mbio ni rahisi kupuuzwa kwenye foleni ya watu 60. Kusema nimehesabu siku tatu nikapata 118, 122 na 120 ni vigumu kupuuzwa.

Niwe mkweli hapa. Kwa mama wa kandokando ya ziwa, moyo wa kasi kwanza kabisa huwa ni upungufu wa damu. Tuna malaria, tuna minyoo, tuna kichocho kwa wanaoshinda ndani ya maji, na mimba zinazofuatana karibu. Kwa hiyo kupima wingi wa damu na malaria ni hatua sahihi ya kwanza, na mtoa huduma anayeanza hapo anafanya vema. Kosa ni kuishia hapo. Damu ikiwa nzuri, malaria haipo, na moyo bado unakimbia, basi shingo iangaliwe na moyo usikilizwe.

Zitazame pia dalili nyingine za ugonjwa huu: kukonda au kutoongezeka uzito ilhali unakula vizuri, mikono kutetemeka ukiinyoosha mbele, jasho na kuona joto wakati wenzako wamejifunika kanga, kukosa usingizi, kuharisha mara kwa mara, macho kutokeza. Kukonda huku kumewaletea akina mama wengi maneno mtaani. Watu wanaanza kunong'ona kwamba ameathirika, na wengine hujificha ndani kwa sababu hiyo. Pima vyote, na kile cha VVU pia, ujue ukweli wako.

Zipo dalili ambazo hazisubiri kesho. Kushindwa kulala chali kwa kukosa pumzi, kuamka usiku ukitafuta hewa, kikohozi chenye povu, kuzimia, maumivu ya kifua, miguu kuvimba pamoja na pumzi fupi. Na kwa mwenye tezi inayojulikana: homa kali, kuchanganyikiwa, kutapika na mapigo ya kasi sana kwa pamoja. Hiyo ya mwisho huja ghafla, mara nyingi wakati wa uchungu, maambukizi, au baada ya kuacha dawa. Familia imbebe siku hiyo hiyo. Kama uko kisiwani, anza kutafuta boti unapoona dalili, si unapozidiwa.

Goita ya chumvi na tezi iliyolala

Sio kila shingo iliyovimba ni Graves. Ile goita kubwa ya wazee wetu mara nyingi ilitokana na kukosa madini joto. Ndiyo sababu Tanzania iliweka sheria ya chumvi yenye madini joto katika miaka ya 1990. Wengi hapa Mwanza huniambia sisi tunakula samaki, hatuwezi kukosa madini hayo. Samaki wa baharini ndio wenye wingi wa madini joto. Sangara, sato na dagaa wetu wa maji baridi wanayo kidogo. Ni chakula kizuri mno kwa mjamzito, lakini hawachukui nafasi ya chumvi ya pakiti. Udaga nao una lake. Muhogo usiolowekwa na kukaushwa vizuri huzuia tezi isitumie madini joto. Watafiti walilithibitisha hilo katika kisiwa cha Idjwi kwenye Ziwa Kivu, upande wa Kongo, ambako goita ilienea sana. Loweka vya kutosha, kausha vizuri, na tumia chumvi yenye madini joto iliyofungwa, uitunze kwenye chombo chenye mfuniko mbali na jiko.

Tezi inaweza pia kulala. Mama huchoka, husikia baridi, huvimba uso, hupata choo kigumu, moyo huenda taratibu. Hili nalo ni hatari kwa mimba, kwa sababu ubongo wa mtoto katika miezi ya mwanzo unategemea homoni ya mama. Dawa yake ni levothairoksini, na mahitaji yake huongezeka mimba ikiingia, kwa hiyo anayeitumia aende kliniki mara tu akijua ni mjamzito. Inamezwa tumbo tupu kwa maji. Na hapa kuna mtego: vidonge vya kuongeza damu tunavyowapa kliniki huizuia isiingie mwilini. Ukivimeza pamoja, umemeza bure. Tenganisha kwa saa 4. Mimi nawaambia levothairoksini alfajiri, vidonge vya damu baada ya chakula cha usiku.

Miaka ya mwisho, na dawa alizozikosa

Graves aliendelea kufundisha. Mihadhara yake ilitoka kama kitabu mwaka 1843. Mwaka huo pia alichaguliwa rais wa chuo cha madaktari cha Ayalandi. Miaka michache baadaye njaa kubwa ya viazi iliikumba nchi yake na homa zikafuata, na yule aliyekuwa akiwafundisha watu kulisha wenye homa akajikuta katika nchi isiyo na chakula. Alifariki nyumbani Dublin tarehe 20 Machi 1853, akiwa na miaka 56, kwa ugonjwa wa ini. Ni Mfaransa Armand Trousseau, aliyekipenda sana kitabu chake, aliyeupa ugonjwa jina la Graves.

Hakuwa na dawa ya kuwapa wale wanawake. Homoni ya tezi ilitenganishwa kwa mara ya kwanza siku ya Krismasi mwaka 1914, huko Marekani. Vidonge vya kutuliza tezi vilianza kutumika miaka ya 1940. Kingamwili zinazoisukuma tezi zilianza kuonekana kwenye damu mwaka 1956, zaidi ya miaka 100 baada ya Graves kuzikwa.

Leo vipimo vya homoni za tezi vinafanyika hospitali kubwa kama Bugando, na zahanati inaweza kukuandikia rufaa. Kwa mjamzito, dawa huchaguliwa kwa uangalifu. Propilthaiourasili hupendelewa miezi mitatu ya kwanza, kwa kuwa kabimazoli ikitumika mapema inaweza kumletea mtoto kasoro za maumbile. Baadaye daktari anaweza kubadilisha. Dawa ya kutuliza moyo, kama propranololi, inaweza kuongezwa kwa muda. Matibabu ya madini joto yenye mionzi hayafanywi kwa mjamzito wala anayenyonyesha.

Kama tayari unatumia kabimazoli na umegundua una mimba, usiitupe dawa. Nenda ukabadilishiwe ndani ya siku chache. Kuacha ghafla kunaweza kuwa kubaya kuliko dawa yenyewe. Na ukiwa kwenye dawa hizi, ukipata homa na koo kuuma, usinunue antibayotiki dukani. Nenda hospitali upimwe damu siku hiyo, kwa sababu kwa watu wachache dawa hizi hushusha chembe nyeupe zinazolinda mwili. Kunyonyesha kwa kawaida kunaruhusiwa ukiwa kwenye kipimo kidogo, baada ya kuongea na daktari.

Jifungulie hospitali yenye uwezo wa kufanya upasuaji na kuongeza damu, si nyumbani, wala si kwenye zahanati ya karibu kwa sababu tu uchungu umekuja usiku. Panga nauli mapema, na mume au mama mkwe ajue jina la ugonjwa wako ili aliseme pale mapokezi kama wewe huwezi kuongea.

Mtoto naye asisahaulike. Zile kingamwili za mama hupita kwenye kondo na zinaweza kuisukuma tezi ya mtoto. Anaweza kuzaliwa na moyo wa kasi, asiongezeke uzito, alie bila kutulia. Hili linaweza kutokea hata kama mama alishafanyiwa upasuaji wa tezi miaka iliyopita na anajiona amepona, kwa kuwa tezi imetoka lakini kingamwili zinaweza kubaki kwenye damu. Kwa hiyo mwambie mkunga habari za tezi yako ya zamani, na mtoto apimwe moyo, uzito na damu ndani ya siku zake za kwanza.

Wewe mwenyewe rudi upimwe baada ya wiki 6, kisha ndani ya mwaka ule wa kwanza moyo ukianza tena kukimbia au uchovu ukikuzidi. Tezi hupenda kuchafuka kipindi hicho hata kwa mama ambaye hakuwahi kuwa na tatizo, na mara nyingi watu husema ni uchovu wa kulea. Beba kadi yenye zile namba zako, na mtoto mgongoni, umwoneshe muuguzi vyote viwili.